Kopo la Munyu

Wiki iliyopita nilikwenda Kisangani kwenye msiba, na kabla ya kuondoka nikapita sokoni kununua majani ya muhogo. Siku hizi ni wachache wanaoyatwanga. Unampa mama wa mashine, anayasaga, anakufungia tope la kijani katika mfuko wa plastiki. Nikanusa ule mfuko, na wewe unajua pua haina adabu: ilinirudisha utotoni bila kuomba ruhusa. Basi kaa nikusimulie, ingawa katika habari hii mimi si mtu mzuri.

Tulikaa upande wa Simi-Simi, katika parseli yenye nyumba tatu na ua mmoja. Majirani walikuwa watu wa mto, wavuvi wa kule kwenye maporomoko, na jikoni kwao vitu vyote vilikuwa na majina ya Kilingala. Sisi tulikuwa watu wa kuja, baba alitoka Maniema. Kwa hiyo majani yaleyale yalikuwa sombe kwetu na pondu kwao. Karanga zetu kwao zilikuwa nguba, na chumvi, ambayo sisi tuliiita munyu, kwao ilikuwa mungwa. Watu wazima hawakuona shida. Mama aliomba munyu kwa jirani, jirani akampa mungwa, wakaendelea kumsengenya mke wa mchungaji. Sisi watoto ndio tuliofanya vita.

Jirani alikuwa na mabinti wawili walionizidi umri kidogo, weupe wa meno na weusi wa roho. Mchezo wao ulikuwa mmoja. Ukiomba kitu kwa jina la kwenu, wanakuwa viziwi. Unanyoosha mkono, unarudia, unalia, wao wanatazama mawingu mpaka utaje jina la mjini. Nilikosa samaki wengi wa moshi kabla sijajifunza. Lakini nilijifunza, tena nikawa mkali kuwashinda, na wakaniita dada. Sijawahi kupenda cheo kama kile.

Aliyebaki kuniaibisha alikuwa bibi, mama yake baba. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, alikuwa anaona mwanga tu na vivuli. Hata hivyo alipika kuliko wote. Kwao Maniema walikuwa na desturi, na mtu asiyeona vizuri iliweza kumbeba: mpishi anataja kila kitu kinapohitajika, na mtoto aliyekaa kando anampa mkononi na kujibu. Bibi akisema "Mawese?" nampa, akishatia sufuriani namjibu "Iliingia." Anasema "Kitunguu?" nampa, "Iliingia." Ilikuwa kama sala. Ua mzima ulisikia chakula chetu kabla ya kukinusa, na baba alikuwa akisema hajala sombe ya namna ile tangu aache kunyonya.

Sufuria ile ndiyo iliyomweka bibi mjini. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, na mama, ambaye alishinda sokoni akiuza vitenge, hakuficha: siku bibi akishindwa kupika, atarudi Kindu kwa shangazi. Shangazi alikuwa na watoto tisa na hakuwa na subira hata ya mmoja. Bibi aliyasikia hayo, maana ukuta ulikuwa wa mbao. Tangu hapo alianza kuwasha mbabula, lile jiko la makaa, mapema zaidi, akipuliza makala mpaka machozi yanamtoka.

Jumapili moja baba alialika wakubwa wake wa kazini. Mimi nilipanga vitu kando ya bibi kama kawaida. Karibu yangu kulikuwa na nguo za kufua, na sabuni ya unga katika kopo la maziwa, pacha wa kopo la munyu. Sombe ilikuwa imeiva, imebaki munyu tu. Mabinti wa jirani wakaja wakaketi juu ya kinu kilicholala, wakinitazama.

"Munyu?" akasema bibi, akanyoosha mkono.

Wale mabinti wakaangalia mawingu. Na mimi nikaangalia mawingu.

"Mutoto wangu, munyu."

"Koko, munyu njo nini?" nikasema, nikimwita bibi kwa jina la mjini. "Hapa hatuna kitu ya vile."

Wakacheka mpaka wakashikana. Bibi aliacha mkono wake hewani kwa muda mrefu. Kisha akausogeza mwenyewe, akipapasa chini, akapita kopo la kwanza, akashika la pili. Nililiona ni lipi. Naomba unielewe vizuri hapa, rafiki yangu: nililiona. Neno moja lingetosha, kwa lugha yoyote. Moshi wa makala ulikuwa umemziba pua, akachota kwa vidole vitatu kama ilivyo desturi, akatia, akachota tena. Halafu akajijibu mwenyewe, kwa sababu mimi sikumjibu: "Iliingia."

Povu lilipopanda juu ya sufuria mama alikuwa ameshafika, na wageni walikuwa wamekaa. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu mimi nilikuwa wapi.

"Ni macho yangu," akasema bibi. "Mutoto hana kosa."

Mama akamtoa mwiko mkononi, kidole kwa kidole, na hakumrudishia tena.

Walimsafirisha wiki hiyohiyo. Asubuhi, pikipiki ya kumpeleka Ubundu, akapande boti ya Kindu, ikinguruma, alinishika kichwa akanivuta karibu. Kumbe siku zile zote alizokaa bila kazi alikuwa anajifunza.

"Nilizishika zote," akasema. "Pondu, nguba, mungwa. Sasa unaweza kunipatia?"

Mabinti walikuwa mlangoni kwao wakitazama. Nikamwambia, "Koko, haisemwe vile." Alikuwa ametamka vizuri kabisa.

Alikufa kwa shangazi kabla sijamaliza shule ya msingi. Parseli imeuzwa, kinu kimeliwa na mchwa, na nilipoutaja ule mchezo pale msibani, binti mkubwa wa jirani, sasa mwenyewe ni bibi wa watu, hakuukumbuka kabisa. Alinishika mkono akaniita dada. Nilitamani kumchukia, nikaona nitakuwa namsingizia.

Pale sokoni, baada ya majani, nilihitaji chumvi. Nikamwambia muuzaji, "Mama, unipatie munyu." Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa, pengine nilikuwa nataka kuchekwa. Hakuinua hata kichwa. Akachota, akafunga, akanipa mkononi.

Nikamjibu, "Iliingia." Hilo ndilo neno pekee ambalo hakulielewa.