Kiondo Chini ya Pembe za Ndovu

Kosa langu la kwanza katika kupiga picha lilikuwa kumwambia mama yangu asogee.

Baba alifanya kazi ya reli, na likizo yake mwaka huo ilikuja na pasi ya kutusafirisha sote watatu kutoka Kisumu hadi Mombasa. Nilikuwa na kamera kuukuu ya kisanduku na filamu ya picha kumi na mbili. Kupiga picha nilijifunza mwenyewe, kwa kijitabu kisicho na jalada, na niliogopa kuharibu hata picha moja. Tulipofika kwenye Pembe za Ndovu, zile kubwa za bati zinazokingama juu ya barabara mjini humo, Mama alisimama chini yake, akanyoosha kitambaa cha kichwa, akangoja.

"Mama, sogea kidogo. Unaziba."

Akasogea, akasimama kando juani. Nikapiga haraka, ndipo nikaona kiondo chake kimebaki pale chini. Nikakiondoa, nikapiga nyingine, safi. Ile safi iliingia kwenye albamu. Ile yenye kiondo niliificha chini ya godoro.

Sikukuu ya Jamhuri iliyofuata, wageni walijaa kwetu Nyalenda. Redio ilitangaza gwaride la Nairobi, samaki wa ziwani, ngege, walikuwa wakikaangwa, na kama ilivyo desturi wageni walipewa albamu wapitishe muda. Jirani yetu, mama mchuuzi wa nguo aliyehamia kutoka Nyeri, ndiye aliyeifungua.

"Ngome, bahari, pembe," alisema. "Na wewe uko wapi, Mama?"

"Nilikuwa hapo kando."

"Kando!" Watu wakacheka. "Hizi si ni zile za kuuzwa dukani? Hata mimi naweza kununua picha ya mwezi, niseme nimerudi jana. Sema tu ulikuwa kwa dada yako Nyamasaria."

Mama alicheka nao, lakini aliweka birika chini kabla ya kumaliza kumimina chai. Tangu turudi alikuwa akiwasimulia majirani bahari ile. Sasa neno lake lilikuwa linageuka uongo mbele ya nyumba nzima, na angeweza kujiokoa kwa kuninyooshea kidole tu. Hakunitaja. Nami naona haya kuandika nilichokuwa nikiwaza: kwamba ile picha nyingine imepinda, na wageni wataona.

Mwishowe niliinuka, nikaitoa chini ya godoro, nikampa jirani.

Akaisogeza dirishani. "Ngoja. Mkanda mmoja wa ngozi, mwingine wa kamba. Hiki ni kiondo changu! Nilikisuka mwenyewe, nikamwazima Mama aende nacho."

"Basi kiondo kimeona bahari," Baba akasema, "mwenyewe umebaki Nyalenda."

Walicheka hadi ngege wakakaribia kuungua. "Nisamehe, Mama," jirani akasema. "Ulifika." Mama akainua birika, akammiminia yeye kwanza.

Nimeitoa tena picha ile leo, sikukuu nyingine. Pembe zile bado zinanistaajabisha, kubwa na nyeupe, zimeinamia kushoto kwa haraka yangu. Lakini ninayemtazama ni yule ambaye hayumo, aliyesimama juani kwa ajili ya picha yangu na hakuniumbua hata siku moja.

Siku hizi nikipiga picha, simwambii mtu asogee.