Watu Watano kwa Mtoto Mmoja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, na kicheko chenyewe kina aibu ndani yake. Imenijia tena jana, uliponiambia kwamba shule unayofundisha pale Kagarama imekuchagua uongoze kikosi cha kuwasaidia watoto wanaopandwa na hasira wakashindwa kujizuia. Nimefurahi kweli. Basi kaa kidogo, hizo jumbe za kwenye simu zitakungoja.

Nilikuwa kijana kama wewe, nimekulia Bukoba, nafundisha shule ya msingi hapa Kigali. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku tatu ya kutuliza watoto, huko Kimihurura, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Niliporudi tu nikaunda kikosi changu: walimu watano, mimi kiongozi, na Gaspard, mwalimu wa michezo, mwenye filimbi. Filimbi ikilia, wote tunaacha madarasa na kukimbilia penye vurugu. Tulifanya mazoezi Jumamosi mbili. Mbio tulikuwa nazo, usiseme.

Darasa la tatu kulikuwa na binti anaitwa Keza. Mama yake aliuza parachichi sokoni Nyabugogo na alimlea peke yake. Karibu kila siku baada ya mapumziko Keza alirusha madaftari, akapindua dawati, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mkuu wa shule alikuwa amechoka. Alimwambia mama yule kwamba Ijumaa ikifika bila mabadiliko, mtoto atafutiwe shule nyingine. Na shule nyingine ya karibu haikuwepo.

Jumatatu filimbi ikalia. Tulifika tunahema, tukamzunguka Keza pande zote, tukaanza kumtuliza. Sasa sikiliza kituko. Wanne kati yetu tulikuwa Wanyarwanda tuliokulia ugenini, tukarudi nchini tukiwa watu wazima, na mtu akishikwa na wasiwasi hurudi kwenye lugha aliyokulia. Mimi nikamwaga Kiswahili cha Bukoba. Gaspard, aliyekulia Bujumbura, akashika Kifaransa. Wawili wa Kampala wakapaza Kiingereza. Wa tano, mwenyeji wa hapa hapa na Kinyarwanda chake, ndiye peke yake ambaye mtoto angemwelewa, lakini hakupata nafasi ya kufungua mdomo. Keza akajificha chini ya meza ya mwalimu, na Gaspard alipoinama kumtoa, akang'atwa mkono.

Hapo akaingia Mama Habiba, mpishi wetu, mtu mzima wa mtaa wa Nyamirambo, ameshika ungo wa maharage.

"Walimu, hapa iko watu watano, na mutoto iko moja," akasema. "Tokeni. Mimi nabaki naye."

Tukatoka na wanafunzi wengine, tukachungulia dirishani. Aliketi sakafuni, akamwambia Keza "humura", neno la Kinyarwanda la kumtoa mtu hofu. Akalisema mara moja tu. Kisha akaanza kuchambua maharage yake, kimya. Tulingoja sana. Mwishowe mkono mdogo ukatoka chini ya meza, ukaokota kijiwe kwenye ungo na kukitupa pembeni.

Baadaye aliniita jikoni akanisema, tena bila kuzunguka. Akaniuliza kama nimewahi kuangalia mlango wa lile darasa kengele ikilia. Sikuwahi. Yeye alikuwa anauona kila siku kutoka jikoni: watoto sitini wanasukumana kwenye mlango mmoja, na Keza, mdogo kuliko wote, anabanwa katikati mpaka anaingia ndani akiwa tayari amechanganyikiwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Tukabadilisha mambo. Filimbi ikarudi uwanjani. Tukakubaliana kwamba vurugu ikitokea, mmoja wetu ataingia kwa mtoto, mwingine atawatoa wenzake nje, wa tatu atamtafuta mzazi, na waliobaki wasiondoke madarasani mwao. Keza akawa anaingia kabla ya kengele. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, kimya.

Ijumaa, mkuu wa shule akiwa amesimama barazani, mtoto mmoja akampokonya Keza kalamu. Dawati likapinduka. Mwenzangu akawatoa wanafunzi, nami nikaingia peke yangu, nikaketi sakafuni, nikasema humura, nikafunga mdomo. Kunyamaza kule, mwanangu, kulikuwa kugumu kuliko semina nzima. Mkuu ananitazama dirishani, mtoto analia, nami natamani kumwaga maneno yote ya semina, kwa sababu nilijua tunaweza kumpoteza saa ile ile.

Kilio kikapungua. Keza akaniuliza kwa Kinyarwanda, "Wale wengine wako wapi?"

"Wako nje," nikamjibu kwa Kinyarwanda changu kibovu.

"Wabaki huko huko."

Akainuka, akaliinua dawati mwenyewe. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani, na habari ya kutafuta shule nyingine sikuisikia tena. Keza alimaliza darasa la sita pale pale.

Kwa hiyo, mwanangu, kikosi chako usikipime kwa mbio. Kabla hujagawa kazi, kaa na mpishi na mlinzi wa geti, maana wao huona mwanzo wa jambo wakati ninyi mnaona mwisho. Siku ya vurugu aingie mmoja, aseme kidogo, kwa lugha ya mtoto. Wengine mfanye kazi zenu kwa utulivu. Na ukikosea, kama utakavyokosea, kesho yake rudi kwa yule mtoto umsalimie.

Mungu akubariki, mwanangu. Awalinde watoto wenu wote, na ninyi walimu awapunguzie maneno. Amina.