Siku ya Kupokea Haihesabiwi

Dada yangu ni fundi cherehani, na ukutani nyuma ya mashine yake kuna kibao alichokiandika kwa rangi nyekundu: SIKU YA KUPOKEA HAIHESABIWI. JUMAPILI HAIHESABIWI. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu akakwambia siku saba, usijisumbue kwenda Jumatatu inayofuata. Hesabu yake inaanza Jumanne, Jumapili anairuka, na nguo utaipata Jumanne ya pili. Wateja wananung'unika lakini wanarudi, maana suruali aliyoikata yeye inakukaa mwilini kama uliyezaliwa nayo.

Mimi ni mdogo wake wa pekee, na ndimi niliyempa figo. Zake zilikufa zote mbili, yangu moja ikamkubali, na tangu hapo huitaja kila ninapotaka kumshinda kwenye ubishi.

"Figo yangu inasemaje leo?" humuuliza.

"Inalalamika. Kwako ilizoea uvivu."

Kila mwaka hunipigia simu kunishukuru, na kila mwaka hupiga siku moja baada ya tarehe ya upasuaji. Siku ya kupokea haihesabiwi! Nimemgombeza miaka sita kwa hilo, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka huu kulikuwa na kirusi cha mapafu kikizunguka mjini. Wengi walikohoa wiki moja wakapona. Dada si kama wengi. Ili mwili wake usiikatae figo yangu, anameza vidonge vinavyoipunguza kinga, kwa hiyo ugonjwa ambao kwangu ni mafua, kwake ni kifo kinachobisha hodi. Jumapili moja asubuhi nilimpigia nikasikia sauti imekwaruza.

"Unaumwa wewe."

"Kidogo tu. Nilipimwa Alhamisi, ndicho hicho kirusi. Daktari wa figo kaniambia kuna dawa ya dripu, niende ndani ya siku saba tangu homa ilipoanza. Mpaka leo zimetimia tano. Keshokutwa nakwenda, nikishamaliza koti la mwalimu."

"Homa ilianza lini?"

"Jumatatu. Siku niliyoanza kulikata hilo koti."

Nikahesabu kwa vidole, Jumatatu mpaka Jumapili. Nikarudia. Ndipo nilipokikumbuka kile kibao, nikapiga ukelele mpaka mume wangu akatoka bafuni na povu kichwani.

"Dada! Kirusi si mteja wako! Leo ndiyo ya saba!"

Nikasikia mkasi ukiwekwa mezani.

Nilimfuata kwa teksi, sote na barakoa, madirisha wazi, yeye nyuma na mimi mbele. Sikumgombeza njia nzima. Nilikuwa naogopa mno. Chumba cha dripu hufungwa saa saba mchana siku za Jumapili, na sisi tulifika saa sita na nusu, dada akihema kwa ngazi tatu tu za mlangoni. Muuguzi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameshaanza kukunja mashuka.

"Homa ilianza lini, mama?"

Dada akafungua kinywa. Nikamkazia macho.

"Jumatatu," akasema kwa unyonge.

Muuguzi akaipitia kalenda ya ukutani kwa ncha ya kalamu, kisanduku kwa kisanduku, na mimi nikaifuata ile kalamu bila kupumua. Ikasimama.

"Leo ndiyo mwisho. Mngekuja kesho ningewarudisha." Akanyakua simu kumpigia mfamasia. "Usifunge! Nina mgonjwa mmoja zaidi."

Mimi niliachwa koridoni, nikimtazama dada kupitia kioo. Tuliongea kwa simu, mita mbili kati yetu, naye akaweka spika ili muuguzi asikike. Muuguzi alitueleza kwamba ndani ya ule mfuko mlikuwa na kingamwili zilizotengenezwa maabara, za kukamata kirusi hicho kimoja tu, kwa sababu mwili wa dada hauwezi kutengeneza zake kwa haraka.

"Yaani nguo iliyokwisha shonwa?" dada akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Jamani! Mimi fundi mzima navalishwa nguo ya dukani!"

Muuguzi alicheka mpaka miwani ikamteleza. Dripu ikaenda saa nzima, kisha saa nyingine ya kumwangalia asije akapata mzio. Katikati ya hiyo saa ya pili nikamuuliza lile lililokuwa likinichoma.

"Kwa nini hukuniambia tangu Jumatatu?"

"Ungekuja kuniuguza. Na wewe una figo moja."

"Kwa sababu ya nani?"

"Ndiyo maana, mdogo wangu."

Niligeukia ukuta nikalia. Nilimpenda wakati ule kuliko siku niliyolala kwenye kitanda cha upasuaji.

Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba dawa ile si muujiza, tusubiri tuone. Tukasubiri. Jumatano homa ikashuka. Baada ya wiki tatu alirudi kwenye mashine, na mwalimu akapata koti lake, limechelewa hata kwa hesabu ya fundi. Kibao kipo palepale, wateja wasijidanganye.

Mwezi uliopita ilifika tarehe ya upasuaji wetu. Sikuwa nangoja simu, maana ya kwangu hupigwa kesho yake. Nilikuwa jikoni nachemsha chai simu ilipolia.

"Ni leo," dada akasema.

"Leo nini?"

"Leo ndiyo siku niliyopokea. Naihesabu."

Nikavuta kiti nikakaa, chai ikafurika, nikaiacha.