Simu Isiyo na Mkono

Mzee wetu wa kazini, mwenye duka, alikuwa akitupiga kwa simu, na sitii chumvi. Nasema ule mkono wa simu ya mezani, mweusi, mzito, wenye waya wa kujikunja. Tulikuwa tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla hapa Voi, na mteja akipiga kulalamika, aliyekosea alilazimika kusimama mbele ya meza ya Mzee mpaka mazungumzo yaishe, eti asikie aibu yake kwa masikio yake. Yakiisha, Mzee harudishi mkono wa simu mahali pake. Anamshushia mtu nao kichwani.

Mimi nilikuwa mama wa stoo, kwa hiyo ulinipata mara mbili tu, begani. Aliyeumia ni binti mmoja kutoka kijiji cha Rukanga aliyekaa mapokezi. Mzee alipiga kwa mkono wa kulia, na sikio lake la kushoto lilikuwa limeshakufa. Daktari alimwambia hilo asahau, achunge la kulia. Kazi yake ilikuwa kujibu simu, na mama yake kijijini alikula kwa kazi hiyo. Mimi nilimchukia yule mzee kila asubuhi, nikamwamkia kwa adabu kila asubuhi.

Mwaka huo laini za zamani ziliondolewa tukawekewa simu za intaneti. Fundi alitoka Mombasa, akapanga simu tano juu ya kaunta. Mzee hakujishughulisha. "Chagueni nyinyi wanawake," alisema, "nyinyi ndio mnapenda kuongea."

Basi tukachagua. Binti alipima kila mkono wa simu kiganjani kama anayepima nyanya sokoni. Mmoja alijipiga nao pajani, pu, akaurudisha haraka.

"Dada yangu, hiyo ndiyo imara," fundi alimwambia. "Hata ikianguka haivunjiki."

"Ndiyo maana hatuitaki," nilimjibu. "Hakuna isiyo na mkono kabisa?"

Alinitazama kama nimepagawa, kisha akatoa moja ya kuvaa masikioni, yenye kipaza sauti chembamba kando ya mdomo. Nilimpelekea Mzee mwenyewe. "Mzee, wakubwa wa Nairobi siku hizi wanavaa hii." Alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akapenda. Sisi tukapewa zile nyepesi za plastiki. Mchana huo binti alicheka mpaka akatokwa na machozi, nami nikacheka naye.

Tulikosea jambo moja. Kwetu pale hakuna kilichotupwa. Msumari uliopinda ulinyooshwa, mfuko wa simiti ulikung'utwa ukakunjwa. Kwa hiyo simu za zamani tulizipanga vizuri ndani ya boksi, tukaliweka chini ya meza ya Mzee, upande wake wa kushoto. Mimi ndiye niliyelisukuma pale kwa mguu wangu.

Tulipata wiki mbili za amani. Halafu asubuhi moja lori la mabati ya mteja wa Wundanyi likapelekwa Mraru kimakosa. Binti ndiye aliyeandika oda hiyo. Alisimama mahali pa kusimama huku mteja akimfokea Mzee masikioni. Nilikuwa mlangoni na karatasi za mizigo. Simu ilipokatika, Mzee alivua kile kidude, akautazama mkono wake mtupu, akawa kama mtu aliyeibiwa. Kisha akainama.

Alichomoa simu ya zamani kwa mkono wa kushoto, kwa sababu boksi lilikuwa kushoto. Pigo lilikuwa linakwenda sikio la kulia. Na binti, kwa mazoea, alikuwa amefunika la kushoto.

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka simu yenyewe ikining'inia kwenye waya wake, nikaidaka, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mkono wa simu ulimponyoka Mzee, nikampiga na ile simu usoni. Pua ilivunjika, niliisikia. Hapo lile sikio lilikuwa limeshapona hatari. Nikampiga tena, juu ya jicho, na hilo la pili lilikuwa langu mwenyewe, la asubuhi zote nilizomwamkia. Lilinipa raha. Nilitaka la tatu. Alikuwa sakafuni akishika uso, damu inapita katikati ya vidole, ananiita shetani, nami nimenyanyua mkono.

"Anti," binti alisema. "Anti, basi. Utaua."

Sikushusha mkono. Nilijua kazi nimepoteza, na pengine nitalala ndani, na bado nilikuwa nachagua mahali pa kupiga. Ndipo simu ya mapokezi ikalia, ile ya plastiki. Hakuna aliyejongea. Ililia tena.

Binti aliiruka miguu ya Mzee, akaketi kwenye kiti chake cha mapokezi, akaiweka simu kwenye sikio la kulia.

"Ndiyo," alisema. "Endelea, nakusikia."