Gari Linalokunywa Maji

Nilikuwa gereji ya Mtoni wakati mzee mmoja alipoapa kwamba gari lake kuukuu linamaliza maji ya rejeta bila kudondosha hata tone.

"Basi injini inayanywa," alisema fundi. "Lazima tuifungue."

Mzee akashika kichwa, kwani kesho yake alikuwa ampeleke bintiye Nungwi kuolewa.

Mkewe akateremka kutoka kiti cha nyuma. "Mbona kila asubuhi nikitaka kufagia uwanja, nakuta chini ya gari pameshalowa?"

"Si maji yako ya kunyunyizia vumbi?"

"Mie nikijua umeosha gari."

Fundi akaiweka spana, akaingia uvunguni, akatoka na mpira wa rejeta uliochanika. Safari ya harusi ikasalimika. Nami siku hizi, kabla ya kuapa kuwa hapana kitu, namuuliza kwanza aliyefagia.