Waya Uliolala kwenye Theluji

Kwa miaka thelathini na moja Tsuyako Yamagishi alitengeneza mikono ya miwani mjini Sabae, na hakuwahi kumwamini muuzaji aliyetabasamu kabla ya kuulizwa bei. Bwana Kuwata wa Osaka alitabasamu tangu mlangoni.

Alikaa kwenye kiti cha mgeni kando ya jiko, akatoa kifuani, ndani ya koti, waya wa nikeli na titani, akauviringa kidoleni, akauachia. Ukanyooka papo hapo.

"Ukalie, ulalie, haujali!"

Tsuyako aliuhitaji. Kiwanda alichozoea kununua waya kilikuwa kimefungwa, na duka la Sapporo lilitaka mikono mia nane mwisho wa mwezi. Ikichelewa, duka lingehamia kwa jirani, naye angebaki kupangusa mashine. Kuwata alionekana kulijua hilo, na ndilo lililomtia Tsuyako wasiwasi.

"Mbona sampuli inalala kifuani kama kichanga?"

"Isichafuke, mama."

"Titani siku hizi inaogopa vumbi?"

Aliushika. Ulikuwa vuguvugu. Sabae nzima hupima waya pale pale anapokaa mgeni, na mgeni hukaa penye moto. Hata yeye aliwahi kutapeliwa hivyo. Akatoka nje, akaufukia kwenye theluji.

Aliporudi nao, aliukunja. Ukabaki umekunjika, umelala kama ukambaa. Akautumbukiza kwenye kikombe cha chai ya Kuwata: ukajinyoosha.

Metali hii ina hali mbili. Kwenye joto hujirudi yenyewe. Kwenye baridi hukaa ulivyoikunja. Mpaka wa hali hizo huwekwa tanurini, na huu ulikuwa umewekwa juu mno.

"Mteja wangu wa Sapporo miwani ikipinda njiani kwenye baridi, atembee na birika?"

"Nitakupunguzia robo, Bi Tsuyako."

"Hata ukinipa bure, waya huu bado utapinda Sapporo. Ulijua?"

Kuwata alikitazama kikombe. "Tanuri lilikosewa. Lakini Okinawa, kwenye joto, ungefaa."

"Basi upeleke Okinawa. Na uwaambie."

Kuwata akiwa bado anavaa viatu, Tsuyako alishapiga simu Sapporo. Alisema atachelewa, akaeleza kwa nini.

"Nakupa wiki mbili," akasema mnunuzi. "Ila kila mkono nitaupima mwenyewe, ndani ya friza."

"Pima. Ningekuwa wewe, hata mimi nisingemwamini muuzaji."