Nafasi Moja ya Kuchomelea

Umewahi kukosa kazi kwa sababu ulilelewa vizuri? Jirani yangu hapa mjini Kulob, Gulmahmad, yamemkuta, nami nilikuwa nimesimama kando yake nikiona kila kitu.

Gulmahmad ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ujana wake ameuacha kwenye maghorofa ya Urusi, kama wanaume wengi wa mtaa wetu, wanaojenga mapaa wasiyoruhusiwa kulala chini yake. Aliporudi kabla ya theluji, binti yake mdogo, Parvina, alijificha nyuma ya mama yake na kumwita ami. Siku hiyo Gulmahmad alimwambia mkewe, Zulayho, kwamba harudi tena Urusi, hata kama watakula mkate na chai tu. Theluji ikayeyuka, kazi haikuonekana, na unga nao ukaanza kuwa wa kuomba kwa majirani. Shemeji yake akamwekea nafasi kwenye ndege ya kwenda Urusi. Wakakubaliana hivi: akipata kazi kwenye maonyesho ya ajira, yaliyopangwa siku moja kabla ya safari, ndege iondoke bila yeye.

Nilimwandaa mwenyewe. Nimesoma chuo, nafundisha historia, na sikubali kwamba mtu mwenye ujuzi lazima auze mgongo wake ugenini. Nilimwambia tufike kabla milango haijafunguliwa. Tusipoteze muda kwenye meza zenye maputo, tutafute meza ambayo mtu wake ana vumbi viatuni. Asiseme anafanya kazi yoyote, ataje anachokijua: mabomba, mageti, matangi ya mvuke. Zulayho alitutazama tukitoka, akasema kwa jinsi nilivyomtengeneza mume wake, labda tunakwenda kumtafutia mke wa pili.

Jumba la Utamaduni, yalikofanyika maonyesho, lilifurika. Mkubwa mmoja alikata utepe, akahutubia juu ya maelfu ya nafasi, akapigwa picha akimpa mkono msichana aliyevaa hariri, akaondoka. Benki ilikuwa inagawa kalamu. Kiwanda cha nguo kiligawa peremende na kuwaambia watu wangoje kupigiwa simu. Meza nyingine haikuwa na mtu kabisa, bendera tu. Mimi nauita wizi. Unawaita watu walioamka gizani, unawapiga picha wakiwa na matumaini, kisha unawarudisha nyumbani na peremende.

Meza ya kweli ilikuwa moja, ya kiwanda cha matofali. Walitaka mchomeleaji, mmoja tu. Mhandisi aliyekaa pale alikuwa na makovu ya moto mikononi, na Gulmahmad alikuwa wa kwanza kumfikia. Mhandisi alimuuliza maswali machache, akayapenda majibu, akachukua kalamu. Wakati huohuo Gulmahmad akageuka na kumwona mzee mwenye ndevu nyeupe amesimama nyuma yetu.

Kwetu mzee hapewi mgongo. Hata mlangoni tunapishana mpaka chai inapoa. Unamkaribisha mara tatu, anakataa mara tatu, anakuombea dua, wewe unapita, na kila mtu ameridhika. Gulmahmad aliweka mkono kifuani, akasogea pembeni.

"Pita, babu."

"La, mwanangu, wewe ndiye umetangulia."

"Mimi nikutangulie wewe? Haiwezekani. Pita."

"Mungu akuzidishie. Maliza shughuli yako."

"Usinitie aibu mbele za watu, babu. Pita."

Nilikuwa nangoja dua. Mzee aliangalia viatu vyake kwa muda. Kisha akapita, akaketi.

Naye alikuwa mchomeleaji, tangu enzi tulipotawaliwa na Wasovieti. Mhandisi alimwangalia Gulmahmad, akamuuliza waziwazi kama anaitaka hii kazi au haitaki. Gulmahmad, mkono ungali kifuani, akajibu kwamba mzee anastahili zaidi. Angejibu nini tena, mzee amekaa palepale anasikia? Mhandisi akainua mabega, akaandika jina la mzee.

Nje nilimfokea. Nilisema narudi ndani kumweleza yule mhandisi. Akanishika mkono.

"Tulia, mwalimu. Utamwambia nini, kwamba nilikuwa natania?"

"Yule mzee anajua desturi. Alitakiwa kukataa."

"Amekataa mara mbili. Ya tatu njaa imemshinda." Akacheka kidogo. "Mimi ningepita ya kwanza."

Mzee alitoka kwa mlango wa pembeni ili asikutane nasi. Nikaapa kwamba nitaandika gazetini, nitakwenda mkoani, nitawauliza hayo maelfu ya nafasi yako wapi. Gulmahmad alinisikiliza kwa heshima. Halafu akasema turudi nyumbani, ana nguo za kufua.

Asubuhi iliyofuata, nikielekea shuleni, nililikuta gari la uwanja wa ndege limesimama mbele ya geti lao. Zulayho alikuwa ameshika mkate mzima kwa mikono miwili. Gulmahmad akaung'ata kipande kimoja pembeni, kama afanyavyo kila anayeondoka, akapanda gari. Uliobaki mkewe akautundika kwenye msumari juu ya mlango, umngoje arudi aumalize. Parvina, ambaye hakuwa amekula, aliunyooshea mkono. Mama yake akamwambia huo hauliwi. Mtoto akaanza kulia, na gari lilipokata kona alikuwa bado analia, naye Zulayho amesimama palepale, ameshika mlango, hambebi.